Mama Alivyoiokoa Kompyuta na Radi

Niliingia ndani nimelowa chapachapa, turubai la mahindi nimelitupa barazani, nikamkuta mama amesimama katikati ya sebule, mkononi kashika waya wa kompyuta yangu. Alikuwa ameuchomoa ukutani. Kioo cha kabati alikuwa amekifunika shuka, redio ameizungushia kanga, na gauni lake jekundu alilolivaa tangu asubuhi amelivua na kulificha chini ya mto. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya kazi nzuri na anangoja kuambiwa asante.

"Nimeiokoa," alininong'oneza.

Kwetu Handeni radi haichezewi. Ikinguruma tu, hata kama ni mbali huko Kang'ata, kila nyumba ina utaratibu wake. Vioo vinafunikwa, nguo nyekundu zinafichwa, na chochote kinachotumia umeme kinachomolewa. Kuzima peke yake hakutoshi. Mimi mwenyewe nimekua nikifanya hivyo, na nilipokuwa mtoto ndimi niliyekuwa natumwa kukimbilia kioo. Kwa hiyo mama hakufanya jambo la ajabu. Alifanya kile kile alichonifundisha.

Balaa ni kwamba kompyuta ilikuwa katikati ya kujibadilisha. Siku hizi wanaita sasisho. Wakati ule tulisema tu tunaiongezea programu mpya. Nilikuwa nimeiwekea CD niliyopewa na fundi wa Korogwe, mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye skrini polepole kuliko foleni ya zahanati, na juu ya mstari huo maneno ya Kiingereza yakionya kwamba mtu asithubutu kuzima. Mama alisoma Kurani na alisoma Kiswahili. Kiingereza hakukijua, wala hakuona kwa nini akijue. Mstari ulikuwa umeshapita nusu pale mvua iliponitoa nje kukimbilia mahindi.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Nilifoka. Nilisema mengi, na mengi hayakuwa na maana, maana nilikuwa namfokea mama kwa kosa la kuiogopa radi. Yeye alinitazama tu. Zamani tungejibizana hadi majirani wachungulie, lakini tangu afanyiwe operesheni mama hakuweza tena kupaza sauti, na kugombana na mtu anayenong'ona ni kazi ya kuaibisha. Unabaki unapiga kelele peke yako sebuleni. Nikachukua waya mkononi mwake, nikakaa chini sakafuni.

Lazima nieleze habari ya sauti hiyo, maana bila yake kompyuta ile ilikuwa sanduku tu. Niliinunua ya mtumba, katika miaka ile ambayo biashara ilifunguliwa na kila kitu kikaanza kushuka kutoka kwenye makontena, friji za watu, magodoro ya watu, na mwishowe kompyuta za watu. Nilikuwa nachapa kazi za wateja katika steshenari moja pale Korogwe, na nilitaka mashine yangu mwenyewe ya kufanyia mazoezi nyumbani. Nikaipeleka Handeni kwa mama, akaishonea kitambaa cha kufuma cha kuifunika kama alivyoifunika redio na kila kitu kingine mle ndani chenye heshima.

Mama alikuwa manju. Katika harusi za kwetu, kuanzia mjini hadi Sindeni, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo za Kizigua na wanawake wengine wakaitikia. Alikuwa na sauti nene, yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni, halafu inafunguka. Sijawahi kusikia nyingine kama ile na simsifii kwa sababu ni mama yangu. Kisha likamwota rovu shingoni, likakua mpaka kumeza chakula kukawa shida. Daktari alitueleza waziwazi kabla ya kumpasua kwamba mshipa wa sauti umepita palepale kwenye uvimbe, na kwamba anaweza kupona akabaki hana sauti. Mama akasema bora ale.

Kabla ya kwenda hospitali nikamweka mbele ya redio-kaseti na kumwambia aimbe zote. Aliimba mchana kutwa, akipumzika kunywa chai. Baadaye redio ikautafuna utepe, lakini nilikuwa nimeshazihamishia nyimbo kwenye kompyuta kwa waya, nikashukuru Mungu na kujiona mjanja. Kutoa nakala nyingine sikuweza. Mashine yangu haikuwa na uwezo wa kuandika CD, na kwenye disketi hata ubeti mmoja haukuenea. Basi sauti ya mama ikabaki mle, chini ya kitambaa cha kufuma. Yeye akatoka hospitalini akiwa mzima, anakula ugali vizuri, na sauti imekwenda.

Na mdogo wangu alikuwa anaolewa. Mchumba wake alitoka Mpale, kule mlimani, Msambaa mpole anayelima maharage na kabichi. Kwa ukoo wetu binti hatoki ndani ya nyumba siku ya kuchukuliwa mpaka mama yake amalize kumwimbia wimbo wa kumwachia. Anasimama ndani ya mlango, mama anasimama nje, na wimbo ukiisha ndipo mguu unavuka kizingiti. Mama mwingine hawezi kuuimba badala yake. Mama mkubwa alijitolea, na mama akamkatalia kwa kutikisa kichwa mara moja, mjadala ukafungwa. Tukaamua kompyuta ndiyo itakayoimba. Spika tungeziweka dirishani, mama angesimama mahali pake, na sauti yake ingekuwa yake. Wazo lilikuwa langu, na mama alilipenda kuliko nilivyotegemea. Aliwaambia mashoga zake wote, kwa kunong'ona, mmoja mmoja.

Ila mashine ilikuwa imeanza kugoma. Wimbo ukicheza, unakwama, unarudia neno moja kama mwenye kigugumizi, halafu unaendelea. Fundi akasema programu zimezeeka, virusi vimejaa, iongezee mpya itakuwa safi. Nilitaka wimbo usikwame siku ya harusi, ndiyo maana nikaweka ile CD, na ndiyo maana nilikuwa sakafuni jioni ile nikiwa na waya mkononi.

Mvua ilipokatika nikaichomeka. Taa ikawaka, feni ikavuma, skrini ikawa nyeusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe ukaniambia kuna faili halipatikani. Nikazima, nikawasha. Ni yale yale. Mama akasogea nyuma yangu na kuuliza kama radi imeifikia. Nikamwambia hapana, radi haikuifikia. Akauliza, "Sasa mbona nyeusi?" Hapo nikamweleza pole pole kwamba kuizima katikati ndiko kulikoiua. Alikaa kwenye kochi akajifunika mtandio usoni. Ningependa kusema kwamba nilimhurumia mara moja. Kwanza nilibaki na hasira yangu, huruma ikaja asubuhi, na ilipokuja ilikuja nzito.

Asubuhi hiyo niliifunga mashine ndani ya kanga zake mbili nikapanda basi la Korogwe. Konda alitaka kuitupa juu ya keria pamoja na magunia. Nikamwambia kama anaitaka juu, basi na mimi anipandishe juu. Nikasafiri nayo mapajani, vumbi jekundu likiingia madirishani, magoti yakifa ganzi, na sikuwa na mpango wowote isipokuwa kwamba sirudi Handeni bila ule wimbo.

Fundi aliiwasha, akatazama skrini, akacheka kidogo.

"Sista, hii wala usipate presha. Tunafuta kila kitu, tunapiga windo upya, jioni unaondoka nayo inateleza."

"Na nyimbo zilizomo?"

"Zinaondoka. Si utaweka nyingine? Hapa ninazo za kumwaga, zote za Dar."

Nikamwambia hizo zangu haziuzwi Dar. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mashine ikifa katikati ya kubadilishwa, ndani inakuwa vurugu, majina ya mafaili yanapotea, na kutafuta kitu humo ni kupoteza siku. Nikamwambia siku ninazo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashine nyingine zinamngoja, na kwake yeye mashine safi ndiyo mashine iliyopona. Aliponiona nimekaza uso alinielekeza la kufanya: nitoe diski ya ndani, niifunge kwenye kompyuta nyingine nzima kama diski ya pili, niiamuru ile nzima iikague. Vitakavyookotwa, alisema, vitakuja vipande vipande, havina majina, na mimi mwenyewe nitajua ni nini na nini.

Mama mwenye steshenari alinipa ufunguo wa duka siku ya Jumapili. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba nikiharibu mashine ya duka nisije Jumatatu. Nikafunga mlango kwa ndani nikaanza kufungua misumari ya skrubu.

Mbavu za ile kompyuta zilipotoka nilishangaa ilivyokuwa ikiishi. Vumbi la Handeni lilikuwa limejaa mle ndani, jekundu, limelala juu ya kila kitu, na kwenye feni lilikuwa limeshikamana na nyuzi za kitambaa cha kufuma cha mama mpaka likawa bonge la manyoya. Ndiyo maana ilikuwa ikipata moto na kukwama. Kumbe nusu ya ule ugonjwa haikuwa programu wala virusi. Ilikuwa heshima, mashine imefunikwa kwa heshima mpaka ikakosa pumzi. Nilicheka peke yangu dukani. Kisha nikaazima pampu ya baiskeli kwa muuza vipuri wa jirani na brashi mpya ya kupakia rangi, nikapuliza, nikafagia, nikapuliza tena, mpaka nikawa mwekundu mimi kuanzia nyusi. Feni niliizungusha kwa kidole ikazunguka yenyewe. Hilo lilinipa moyo kuliko lilivyostahili.

Diski nikaifunga kwenye mashine ya duka na kuiamuru iikague. Ilikagua asubuhi nzima. Nilikula mihogo ya kukaanga, nikafuta kaunta, nikapanga karatasi, nikarudi kutazama, bado. Sikuthubutu kutoka nje hata kununua maji, nikiogopa umeme usije ukakatika wakati sipo, kana kwamba nikiwepo hautakatika. Ilipomaliza iliniletea folda moja iliyojaa vipande, vyote vimepewa namba badala ya majina. Kila kipande ilibidi nikifungue kwa kukisia. Niligeuza majina yake kuwa ya mafaili ya sauti, kimoja baada ya kingine, nikabofya.

Vingi havikuwa kitu. Vingine vilikataa kabisa kufunguka, kwa sababu faili la sauti lina kichwa chake kinachoiambia mashine hapa ni sauti, na kipande kisicho na kichwa mashine haikijui. Kimoja kilitoa mlio wa mchezo wa karata. Kingine kilinikoromea tu. Nilikuwa nimeanza kubofya bila kutegemea chochote, kidole kimoja tu kinafanya kazi, pale spika za duka zilipokohoa, zikavuta pumzi, na mama akaimba.

Niliweka kichwa juu ya kibodi nikalia. Sikulia kidogo kidogo, nililia mpaka herufi zikajiandika zenyewe kwenye skrini. Sauti ile nilikuwa nayo siku zote na tangu operesheni sikuwa nimeifungulia hata mara moja, zaidi ya kuijaribu kwa sauti ya chini kabisa, maana sikutaka mama aisikie. Sasa ilikuwa imejaa duka zima, imejaa rafu za madaftari, na yeye alikuwa Handeni anajifunika mtandio kwa aibu ya kuizima.

Nyimbo zilikuja nyingi kuliko nilivyotegemea, baadhi nzima kabisa. Nikawa nazinakili kwenye mashine ya duka papo hapo, kabla mbingu haijabadili mawazo. Wimbo wa kumwachia binti ulikuja karibu na mwisho. Ukaanza vizuri. Katika wimbo ule mama anamhesabia binti alivyomlea, jiwe la kusagia alilomkalisha mbele yake, kisima alichomwonyesha, usiku aliokaa naye akiwa na surua. Halafu wimbo unageuka, unaanza kumfungulia: nenda, moto wa huko ni wako, usigeuke nyuma kunitafuta. Rekodi ilifika pale pa kugeuka ikakatika.

Nilitafuta ile nusu ya pili mpaka adhana ya magharibi. Nilifungua kila kipande upya. Nilivibandika vipande visivyo na kichwa vichwa vya nyimbo nyingine, kwa ubishi tu, vikatoa kelele za mvua juu ya bati. Niliitukana mashine kwa Kiswahili, kisha kwa Kizigua, ambacho kina matusi mazuri zaidi. Ile nusu haikuwepo. Ule mstari wa buluu uliokuwa unatambaa ulikuwa umeandika mambo yake juu yake, na hakuna pampu ya baiskeli inayoweza kuipuliza itoke.

Nikarudi Handeni na nilichokipata. Kabla ya kuondoka Korogwe mashine niliisafisha kabisa, nikafuta kila kitu, nikaiwekea windo upya kama fundi alivyotaka tangu mwanzo, nikarudisha nyimbo kutoka mashine ya duka, na nyumbani nikaweka ile CD tena. Safari hii nilikaa mbele yake bila kunyanyuka. Mama alileta kigoda akakaa mlangoni akitazama mbingu. Kila wingu lililosogea alinigeukia na kuuliza kwa macho, nami nikamwambia bado. Mstari ukafika mwisho. Kitambaa cha kufuma nikamrudishia akafunikie meza.

"Mama, wimbo umefika nusu," nikamwambia. "Ile nyingine imekwenda. Nimetafuta nimeshindwa."

Akanitaka niucheze. Aliusikiliza kichwa ameinamisha, kidole kikigonga goti, kama anavyosikiliza manju mwingine na kumpima. Ulipokatika alingoja kidogo kuhakikisha kwamba umekatika.

"Kesho uweke hivyo hivyo," akanong'ona. "Utamalizika."

Nilimwuliza utamalizikaje. Akaniambia niende nikaoshe sufuria za pilau.

Siku ya pili yake, baada ya nikaha, gari la watu wa Mpale lilikuwa limesimama uani, injini inanguruma, wamejipanga kando yake katika makoti yao mazito ya mlimani wakitokwa jasho. Spika zilikuwa dirishani. Mdogo wangu alisimama ndani ya mlango, amefunikwa, simwoni uso. Mama alisimama nje mbele yake, na mimi nikabofya.

Wanawake walipoisikia sauti ile walipiga kelele, halafu wakanyamaza, halafu wakaitikia. Baadhi walimtazama mama mdomoni, kana kwamba ilitoka pale. Haikukwama hata mara moja. Jiwe la kusagia likapita, kisima kikapita, surua ikapita, na ikafika pale pa kugeuka ikakatika.

Injini ya lile gari ndiyo ikasikika peke yake. Mdogo wangu hakusogea. Nilitoka ndani mbio kwa mlango wa nyuma kwenda kwa mama, sijui nikitaka kufanya nini, labda kuomba radhi. Mama akanishika kanga kifuani, akanivuta, akaweka mdomo sikioni mwangu, akaninong'oneza mstari.

Nilimtazama. Mimi siimbi. Shuleni walikuwa wananiambia nifungue mdomo tu nisitoe sauti. Mama akarudia mstari ule ule, mara hii akinibana mkono. Nikaimba. Ilitoka mbaya, nyembamba, imepanda juu kuliko inavyotakiwa, na baadhi ya wageni walitazama chini. Akaninong'oneza wa pili, nikaimba wa pili. Pumzi yake ilikuwa moto shavuni kwangu. Maneno mengine yalikuwa Kizigua cha zamani ambacho sikujua maana yake, nikayapokea yalivyo na kuyatoa yalivyo, na wanawake wakaanza kuitikia, kwanza mama mkubwa peke yake, kisha wote.

Mstari wa mwisho niliukosea. Nikaona kanga ya mdogo wangu inatikisika mlangoni, mguu mmoja umeshanyanyuka, nikadhani imetosha, nikanyamaza.

"Bado," mama akaninong'oneza. "Umekosea. Rudia."

Mguu ukarudi chini. Nikarudia, neno kwa neno, kama alivyonipa. Mdogo wangu akatoka.